Kila Mtu na Kufuli Lake

Kwako mdogo wangu Nels,

Naanza kwa kukusalimu kama mama alivyotufundisha, ingawa nina hasira zaidi kuliko maumivu. Hujambo? Mkeo Solveig naye hajambo? Ule mguu wako ulioteguka kwenye ngazi za bunge la jimbo umepona, au bado unachechemea mbele ya wapiga picha? Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi, na mlango umeufunga. Ningependa uyasome haya peke yako kabla hujayasikia mbele za watu.

Mimi hali yangu ni ya mtu aliyefungwa taya kwa waya. Nakunywa supu kwa mrija, supu ya njegere iliyochujwa mpaka imesahau kwamba iliwahi kuwa na njegere. Mbavu zinaniuma nikicheka, lakini hilo halinisumbui, maana sina cha kuchekea. Jicho la kushoto limeanza kuona tena. Neno hata moja siwezi kutamka, na ndiyo sababu naandika, ingawa mimi na wewe tangu utoto tulizoea kugombana kwa mdomo na kupatana kwa mdomo.

Utaona hapo juu, mahali pa anwani, nimeacha patupu. Usidhani nimesahau adabu ya barua. Na muhuri wa posta usikupe kazi ya kuuchunguza. Aliyeitia barua hii sandukuni aliendesha gari mbali kwanza. Sababu utaikuta huko mbele.

Nels, nilikusikia redioni. Nilikuwa bado hospitali, nimelala na mirija puani, na muuguzi wa zamu akaongeza sauti kwa sababu alisikia jina la Lindahl. Ukaanza kuueleza ulimwengu habari zangu. Ukasema dada yako aliwindwa na mume aliyemwacha, lakini hakukaa kuisubiri serikali imfiche. Alijificha mwenyewe kwa akili yake, na siku alipofikiwa akajitetea mwenyewe kwa mikono yake, na huo ndio uhuru ambao babu zetu waliufuata katika nchi hii ya baridi. Halafu ukamalizia kwa ule msemo wako: kila mtu na kufuli lake. Mtangazaji akakusifu. Muuguzi akanigeukia, akasema, "Mdogo wako anajua kusema, jamani! Lazima unajivunia." Nilitaka kumrushia bakuli, lakini lilikuwa la plastiki. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo, Nels, ila taya langu ndilo halikuwepo, nawe ukaona hiyo ni nafasi nzuri ya kunisemea.

Sasa acha nijisemee.

Najua muswada unaopigana nao. Nimeusoma wote, na kitandani nilikuwa na muda wa kutosha. Unasema kampuni isiuze mahali mtu anapoishi mpaka imwombe ruhusa kwanza. Basi, ni hilo tu. Sasa hivi mambo ni kinyume: wanakuuza kwanza, halafu wewe ndiye wa kuwakimbilia mmoja mmoja ukiwabembeleza waache. Wewe unasema huo ndio uchaguzi wa mtu binafsi, asiyetaka kuuzwa aende akaseme. Na unasema serikali ikipewa kazi ya kulinda faragha yetu itaanza kwa kulinda na kuishia kwa kuchungulia. Hilo la mwisho sikukatalii. Nakumbuka vizuri wale maafisa waliolipekua ghala la baba, wakamwaga hata unga wa mama sakafuni, na wewe ulikuwa mdogo umejificha nyuma ya sketi yangu ukitetemeka. Hata mimi sitaki serikali ikae chini ya kitanda changu. Lakini Wade, yule mume niliyemwacha, alikaa chini ya kitanda changu, na huyo hakutumwa na serikali.

Uliniita mfano, kwa hiyo uujue mfano wenyewe ulivyo. Nilipomkimbia Wade nilikuwa na mbavu zilizovunjika na nywele zimeng'olewa upande mmoja. Mara ya mwisho alinishika kisogo akanizamisha kichwa kwenye pipa la maji ya barafu, akanitoa, akaniuliza kama nimepoa, akanizamisha tena. Haya sikukwambia wakati ule kwa sababu ungemfuata, na yeye angekuua. Niliishia kwenye nyumba ya wanawake waliokimbia kama mimi. Hapo palikuwa na mama mmoja akitufundisha kupotea. Alikuwa mkali kama sajini. Alisema mume wa namna hiyo siku hizi hahitaji kuuliza jirani wala kukufuata na gari. Anakaa tu kwenye kochi na bia yake, anaandika jina lako kwenye simu, analipa pesa ya kikombe cha kahawa, na tovuti inampa nyumba yako, barabara yako na picha ya mlango wako.

Nikafanya yote. Nilihamia kaskazini, nikapata kazi ya kupika katika kantini ya shule. Simu nilinunua nyingine. Dukani kwenye kaunta, pale kila mtu anapobonyeza namba yake ya simu ili apunguziwe bei ya siagi, mimi sikubonyeza. Bata mzinga wa sikukuu nilimlipia bei nzima huku msichana wa dukani akinishangaa kama mtu asiye na akili. Jirani yangu Verna Pelkey, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, alisema kwa sauti duka zima likasikia, "Binti, wewe ni tajiri au umeua mtu?" Ndivyo tulivyojuana. Alikuwa ameendesha basi la shule maisha yake yote mpaka kustaafu, sauti yake ilikuwa ya kunyamazisha watoto hamsini, na moyo wake ulikuwa wa dhahabu ingawa alijitahidi sana kuuficha.

Kila Jumapili alasiri, wakati wewe na wenzako mkitazama mpira, mimi nilikaa na kompyuta nikizisaka tovuti zinazouza watu na kuziomba zinifute. Nyingine zilitaka niwape picha ya kitambulisho ndipo zinifute. Eti mwizi anakuomba ufunguo ili ahakikishe nyumba ni yako! Nyingine zilinifuta, kisha baada ya miezi michache nikarudi pale pale. Ni kama kuzoa theluji mlangoni mwezi wa kwanza. Lakini niliizoa, Nels. Wade akiandika "Marit Lindahl" hakupata kitu. Najua, kwa sababu nilikuwa naandika mwenyewe kila wiki kujiangalia.

Na yule mama sajini alitufundisha jambo jingine, ambalo nakuomba ulishike vizuri. Alisema usimpe mtu yeyote jina lako lile lile. Kila anayekuomba jina na mahali unapoishi, mpe na jina la kati la peke yake, halafu ukumbuke ulimpa nani. Likitokea mahali lisipopaswa, unajua nani amekuuza. Kwa hiyo watu wa umeme wananijua kama Marit Rose. Daktari wa meno ananijua kama Marit Pearl. Kwa daktari wa paka ni Marit Hazel. Verna alikuwa akinitania kila nikipokea barua, akisema, "Haya, leo ni wanawake gani wanaoishi kwako?"

Siku moja Verna aliniletea gazeti, amekasirika mpaka miwani imepanda paji la uso. Aliniuliza kama ni kweli wabunge wa jimbo walishajipitishia sheria ya kuficha nyumba zao wenyewe, wao na mahakimu, kampuni yoyote isithubutu kuziuza. Nikamwambia ni kweli, na mdogo wangu naye aliipigia kura. Akalikunja gazeti. Akasema, "Kwa hiyo mbunge hana haja ya kufuli lake mwenyewe. Kufuli ni la mpishi wa shule." Nilikutetea, Nels. Nilimwambia mlikuwa mkitishiwa kuuawa. Verna akasema, "Na wewe unatishiwa kupelekwa harusini?" Nikampakulia chakula, tukala zetu.

Kisha mama akafa. Unakumbuka sikuja kuzika, kwa sababu Wade alikaa kanisani safu ya mbele amevaa tai, akipokea pole za watu kama mkwe mwema. Nilimlilia mama jikoni peke yangu. Wiki ile ukanipigia simu. Ulikuwa unalia, na mimi nililia kwa kukusikia unalia. Ukasema umebakiza kitu kimoja tu usichotaka kukiuza na vitu vingine vya nyumba, kile chuma cha mama cha kuokea biskuti za Krismasi, chenye ua la theluji lililochongwa pande zote mbili. Ukasema, "Dada, hiki ni chako. Niambie tu nikitume wapi. Simwambii mtu, hata Solveig simwambii." Nikakwambia. Mzigo ulifika, na juu ya boksi palikuwa na jina lile la utotoni ambalo baba alinipa nilipokuwa naiba biskuti kabla hazijapoa. Biskuti Lindahl. Nilicheka, kisha nikakaa sakafuni nikalia tena. Ilikuwa zawadi bora kuliko zote ulizowahi kunipa.

Sasa nakuja kwenye ile Jumapili.

Ilikuwa siku za mwanzo za msimu wa kuwinda kulungu. Unajua mambo yanavyokuwa huku: kanisa nusu tupu, bunduki zinalia tangu asubuhi mpaka hakuna anayegeuza shingo, na mwanamume mwenye koti la rangi ya chungwa na bunduki begani anapita uani kwako nawe unampungia mkono. Nilikuwa jikoni mchana nakijaribu chuma cha mama kwa mara ya kwanza. Kilikuwa juu ya moto kinafuka moshi. Dirishani nilimwona Verna ameshika koleo lake la theluji akimpungia mwindaji mmoja, akamwambia kitu, nadhani alimtakia mawindo mema. Mwindaji naye akapunga. Sikuangalia mara mbili.

Mlango wangu ulikuwa na makufuli mengi kama duka la sonara. Nawe ungeyapenda. Risasi hazikuyauliza ni ya nani.

Wade aliingia, amevaa koti la rangi ya chungwa, akipangusa theluji viatuni, kama mtu aliyetoka kazini. Akasema, "Biskuti! Mke wangu, mbona umenihamia mbali hivi? Nimekukosa kweli." Alisema kwa upole, Nels, na upole wake ndio niliokuwa nauogopa siku zote. Kabla sijashika kitu alinipiga na kitako cha bunduki hapa tayani. Nilisikia mfupa ukikatika ndani ya sikio langu mwenyewe. Meno yakaanguka sakafuni, na nakumbuka nilifikiri kijinga kwamba itabidi nifagie. Akanikamata nywele akanigonga uso kwenye ukingo wa meza, akaniangusha, akaanza kunipiga mateke ya mbavu, polepole, huku akinieleza atakachofanya. Alisema ana kamba na turubai. Alisema ataniweka nyuma ya gari na kunifunika, na njia nzima mpaka nyumbani hakuna atakayeuliza, maana leo kila gari limebeba nyama. Nilijaribu kupiga kelele, mdomo ukatoa damu tu.

Verna aliingia na koleo. Hakuwa na silaha nyingine. Alikuwa mama wa miaka sabini na zaidi mwenye magoti mabovu, ameuvuka ua wote ule wenye barafu. Akanguruma kwa ile sauti ya basi, "Wewe shetani! Mwache binti wa watu!" Akampiga nalo begani kwa nguvu zake zote. Wade akageuka, akamtazama kama anayemtazama mbwa anayebweka, akampiga risasi ya kifua. Verna hakuanguka kama wanavyoanguka kwenye sinema. Alikaa chini taratibu, ameegemea jokofu, akashika kifua, akasema, "Loo, kumbe!" Halafu akanitazama mimi, siyo yeye. Akafa akinitazama.

Sijui nilisimamaje. Nilikishika chuma cha mama kwa mipini yake miwili mirefu, nikakifungua, nikambana nacho uso. Upande mmoja ukashika shavu, upande wa pili ukashika sikio na kisogo, nikabana kwa nguvu. Harufu yake bado iko puani mwangu. Alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa binadamu, akaiachia bunduki, akanichapa ngumi za upofu tumboni, na mimi sikuachia. Alipopiga magoti nikakifunga kile chuma nikampiga nacho kichwani. Na alipoanguka sikuacha. Huo ndio ukweli, na wewe hukuusema redioni. Hapakuwa na uhuru wowote pale. Nilikuwa nataka afe. Mpelelezi aliniuliza baadaye, kwa adabu kabisa, nilimpiga mara ngapi. Niliandika kwenye kibao cha kuandikia nilichopewa hospitali kwamba sikuwa nahesabu.

Askari walinikuta nimekaa sakafuni, kichwa cha Verna pajani, bunduki ya Wade mkononi, nikimlenga mtu ambaye hatikisiki.

Hakufa. Yuko kwenye wodi ya gereza, ana ua la theluji la mama shavuni, na hilo atazikwa nalo. Lakini ana kaka zake wawili, unawajua. Nilipokuwa bado nimelazwa, mmoja wao alifika kantini ya shule akawauliza wapishi wenzangu, kwa tabasamu, kama nimepata nafuu na nitahamia wapi. Nao wana simu. Nao wanaweza kulipa pesa ya kikombe cha kahawa. Ndiyo sababu niliondoka hospitali kwa mlango wa jikoni, na ndiyo sababu siishi tena kule.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, Nels, na kama bado umesimama, kaa.

Mpelelezi Haugen, mwanamke makini asiyependa maneno mengi, alikuja na simu ya Wade. Akaniambia walitaka kujua alinipataje. Akasema mtu yule alilitafuta jina langu kwa muda mrefu sana, kila wiki, Marit hivi, Marit vile, akapata patupu. Kisha siku moja akaandika kitu kingine. Haugen akanisomea ule ukurasa alioununua, mmoja wa kurasa za kuuza watu: mji wangu, barabara yangu, namba ya nyumba, na picha ya mlango. Halafu akauliza kwa mshangao kidogo, "Biskuti Lindahl ndiye nani?"

Fikiria wanaolijua jina hilo. Baba aliyenipa yuko kaburini. Mama yuko kando yake. Wade alilijua kwa sababu alikaa mezani kwetu miaka mingi akila chakula cha mama. Na wewe. Rose hakuuzwa, Pearl hakuuzwa, wala Hazel wa paka. Aliyeuzwa ni Biskuti, na Biskuti na nyumba ile walikuwa pamoja mahali pamoja tu hapa duniani, juu ya boksi lako.

Sikutaka kuamini. Nilijiambia labda ni watu wa posta, labda ni shetani mwenyewe. Kisha Corliss wa ofisini kwako akaja hospitali na maua yako. Nikamwandikia swali kwenye kibao. Alilisoma, akawa mweupe kama shuka, akaanza kulia. Alisema ulimpa chuma na karatasi yenye jina lile na anwani ukamwomba atume kwa siri. Yeye akaandika kwenye kompyuta ya kampeni ili ichape lebo ya boksi, kwa sababu ndivyo anavyotuma kila kitu chako. Na kila anayeandikwa kwenye kompyuta ile anahesabiwa rafiki wa Nels Lindahl. Na kabla ya uchaguzi, kampuni moja ya kuuza habari za watu ilipewa majina na anwani za marafiki wote wa Nels Lindahl, ili nayo iwapatie ninyi namba za simu za wapiga kura wa vijijini. Nikaandika: nani aliruhusu? Corliss alisema mkataba ulikuja kwenye simu yako mkiwa garini, mnachelewa mkutano. Alisema alikuuliza kama unataka kuusoma kwanza, ukamjibu, "Nani anasoma hivi vitu?" Ukabonyeza "Nakubali."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusema msemo huo maisha yangu yote bila kujua ladha yake.

Nisikilize vizuri, maana sisemi kwamba ulitaka. Najua hukutaka. Ungekata mkono wako kuliko kunidhuru, na ninaamini uliposema simwambii mtu ulimaanisha. Ndiyo maana naumia hivi. Mimi nilichagua kila kitu sawasawa. Siagi nilichagua, simu nilichagua, kila Jumapili nilichagua. Makufuli yangu yote yalikuwa mazima. Aliyechagua vibaya ulikuwa wewe, kwa kidole kimoja, garini, na aliyelipa ni Verna, ambaye hakuulizwa na mtu achague chochote. Sheria hiyo unayoizika ingemlazimu mtu mmoja tu, mahali fulani, aniulize mimi: Biskuti, tukuuze? Ningesema hapana. Neno moja tu, Nels. Wakati huo mdomo ulikuwa mzima.

Waya zinatolewa Jumatatu. Kikao cha kamati yako ni Alhamisi, na nimeshaomba nafasi ya kusema. Wamenipa. Nitakuja na kibao iwapo taya litagoma. Nitasimama pale mbele nieleze yote kama nilivyokueleza wewe, pamoja na jina na boksi na kidole. Sikutishi, wala sikwambii upige kura gani. Hata ukiupigia muswada kura ya ndiyo, nitasema vile vile. Nimekuandikia kwanza kwa sababu mama hakutulea kumsema mtu barazani kabla ya kumwambia mlangoni kwake. Ukitaka kutangulia kuyasema wewe, nitakaa nyuma nikusikilize, na nitakuwa dada yako siku hiyo kuliko siku zote. Na Corliss usimfukuze. Yeye ndiye peke yake ofisini kwako aliyeuliza kama mtu anataka kusoma.

Nenda pia kwenye kaburi la Verna. Liko nyuma ya kanisa la mji ule, karibu na uzio. Usipeleke maua, hakuyapenda, alisema ni chakula cha kulungu. Zoa theluji kaburini kwake. Koleo lake nimeliacha hapo.

Nisalimie Solveig kwa mapenzi, mwambie sina neno naye. Wasalimie na majirani wa nyumba ya zamani, wale waliokuja kumzika mama. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, ambayo hakuna anayeruhusiwa kujua iliko.

Ukitaka kunijibu, useme Alhamisi mbele ya watu wote, nitakuwepo kusikia. Usinitafute kwingine. Ninapoishi sasa hapajui mtu yeyote, na nasikitika mdogo wangu, mtu yeyote ni pamoja na wewe.

Ni mimi dada yako,

Marit

Lile jina jingine usiniite tena.